Tofali lenye jina: Jumamosi moja Nanjing

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China wakiwa na twiga. Habari hiyo imo katika kumbukumbu za utawala wa Ming, na wasomi wameirudia mara nyingi hata twiga yule akawa mashuhuri kuliko mfalme yeyote wa pwani yetu. Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Nimekua nikiona watalii wakipelekwa kwenye mnara wa Vasco da Gama pale ufukweni, wakielezwa kwamba Mreno huyo alitia nanga kwetu mwaka 1498. Ya twiga hatukuwa tukielezwa. Niliyasoma ukubwani, na nilipopata nafasi ya kuja kusoma Nanjing, mji uliokuwa makao makuu ya Ming wakati merikebu kubwa zikiundwa, nilijua kabla hata ya kufungasha kwamba nitazunguka mji huu mpaka nione kila kilichobaki cha enzi hizo.

Siku ninayoisimulia hapa ilikuwa Jumamosi ya Novemba, na sikuwa peke yangu. Alikuwepo dada yetu wa Zanzibar anayesomea udaktari, kaka wa Lubumbashi anayesomea uhandisi wa maji, na mwenyeji wetu, kijana wa Ji'an katika jimbo la Jiangxi, mwanafunzi wa historia ambaye ndiye aliyepanga safari yote. Alitupangia hivi: asubuhi kaburi la mfalme, adhuhuri msikiti, alasiri ukuta wa mji, jioni kiwanda cha merikebu. Tulichukua treni ya chini ya ardhi mapema, kwa sababu Novemba majani ya miti hugeuka manjano na nusu ya mji hukimbilia huko huko kupiga picha.

Kaburi lenyewe linaitwa Ming Xiaoling, na liko chini ya mlima wa Zijin, mashariki mwa mji. Aliyezikwa hapo ni Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima maskini aliyewahi kuwa mtawa wa kuombaomba, kisha akaongoza jeshi, akaanzisha ufalme wa Ming mwaka 1368. Ujenzi wa kaburi ulianza mwaka 1381, yeye mwenyewe akiwa hai. Mkewe alitangulia kuzikwa mwaka 1382, naye akafuata mwaka 1398. UNESCO iliuingiza mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2003.

Cha kwanza kukutana nacho ni jumba la kale lililopoteza paa lake la awali, na ndani yake bamba la jiwe lililosimamishwa juu ya mgongo wa kobe wa jiwe, vyote viwili vikiwa na urefu wa karibu mita 9. Mwanawe, mfalme Yongle, alilisimamisha mwaka 1413 kumsifu baba yake. Mwenyeji wetu akatuambia kwamba hili ni dogo. Kabla yake Yongle alikuwa ameagiza bamba jingine lichongwe katika machimbo ya Yangshan, nje ya mji, na bamba hilo, bila kobe wala kilemba chake, lina urefu wa karibu mita 50. Lilichongwa mpaka likakaribia kubanduka mlimani, ndipo ikaonekana hakuna namna ya kulisogeza. Mpaka leo lipo pale pale. Kuna kijiji jirani ambacho wenyeji husema kilipata jina lake kutokana na makaburi ya wachonga mawe waliofia kazini. Hatukwenda Yangshan siku ile, ni mbali. Lakini habari hiyo ilitukaa, na kaka wa Lubumbashi aliirudia kutwa nzima: "Yaya (kwao ndivyo huitwa ndugu mkubwa), watu wamekufa kwa jiwe ambalo halikutoka hata mlimani."

Kutoka kwenye bamba hilo mtu anavuka daraja na kuingia njia ya wanyama. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Ni njia ya mita 600 na zaidi, imepandwa miti pande zote mbili, na kila baada ya hatua kadhaa wamesimama wanyama wa jiwe wakitazamana. Wako 24, wa aina sita: simba, xiezhi ambaye katika imani ya Wachina humtambua mkosaji, ngamia, tembo, qilin, na farasi. Kila aina ina jozi mbili, moja imesimama na nyingine imepumzika. Tembo ni wakubwa kama tembo hasa, na kila mmoja ametoka jiwe moja. Watoto walikuwa wakiwapapasa miguu. Dada wa Zanzibar alipenda ngamia, akasema nundu zao mbili zimechongwa na mtu aliyewahi kuona ngamia, si mtu wa kusimuliwa.

Mimi nilisimama kwa qilin. Mwili wake una magamba, miguu ina kwato, kifua kimetanuka. Huyu ni mnyama wa heri katika masimulizi ya China, anayesemekana kujitokeza pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Ndiyo maana twiga alipofika kwa Yongle, kwanza mmoja aliyetumwa na mfalme wa Bengal mwaka 1414, kisha yule wa Malindi mwaka uliofuata, watu wa baraza walimwita qilin. Walikuwa wakimsifu mfalme wao: mnyama wa heri amekuja, kwa hiyo utawala wako ni wa haki. Yongle alikuwa ameuchukua ufalme mwaka 1402 kwa vita dhidi ya mtoto wa kaka yake, na bila shaka sifa ya namna hiyo ilimfaa sana. Mchoro wa twiga wa Bengal, akiwa na mtu aliyeshika kamba yake, umenakiliwa na kuhifadhiwa hadi leo.

Ni huyo mwenye kamba aliyeanzisha mazungumzo yetu. Dada wa Zanzibar aliuliza swali ambalo sijawahi kulisoma kwa msomi yeyote: "Hebu nambieni, huyo wa Malindi nani alimlisha njiani?" Chombo kinachotoka Malindi kwenda upande wa Bara Hindi hungoja upepo wa kusi, kisha hukaa baharini majuma mengi, na kutoka hapo bado kuna Melaka na bahari ya China. Twiga hula majani kutwa. Majani hayo lazima yakatwe, yapakiwe, na yakiisha yatafutwe bandarini. Maji vilevile. Mnyama mwenye shingo ile kwenye mawimbi hawezi kuachwa peke yake hata usiku mmoja, la sivyo angevunjika miguu. Basi walikuwepo watu, na nadhani walikuwa watu wetu, waliomjua toka porini, walioweza kumtuliza. Kumbukumbu zimemtaja twiga na zimeitaja Malindi. Hao hawamo. Ninachojua ni kwamba safari ya tano ya Zheng He, jemadari wa merikebu za Yongle, ya mwaka 1417 hadi 1419, ilipewa kazi ya kuwarudisha kwao wajumbe wa nchi mbalimbali, Malindi ikiwemo. Nataka kuamini kwamba walezi wa twiga walirudi na merikebu hizo.

Kaburi lenyewe halijafukuliwa. Baada ya njia ya wanyama kuna maofisa na majemadari wa jiwe, kisha malango, kisha ngome kubwa ya mawe, na nyuma yake kilima chenye miti ambamo mfalme na mkewe wamelala. Majengo mengi ya mbao yaliteketea katika vita vya waasi wa Taiping vya karne ya 19, na yanayoonekana leo ni machache, mengine yamejengwa upya. Hatukukaa sana. Kulikuwa na watu wengi mno, na adhuhuri ilikuwa ikikaribia.

Msikiti wa Jingjue uko katikati ya mji, karibu na kituo cha Sanshanjie, na ukipita haraka unaweza usiuone. Hauna mnara. Una lango la matofali yaliyochongwa maua, mapaa yaliyokunjwa pembe kwa mtindo wa Kichina, na ua tulivu kabla ya kufika ukumbi wa kuswalia. Unasemekana ulijengwa mwaka 1388, enzi za yule yule Zhu Yuanzhang. Uliungua baadaye, na mwaka 1430 Zheng He aliomba kwa mfalme ujengwe upya, ombi likakubaliwa. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka familia ya Kiislamu ya Yunnan, kusini magharibi, ambayo baba na babu walihiji Makka. Alizaliwa mwaka 1371, akatekwa na jeshi la Ming akiwa mtoto, akahasiwa, akapelekwa kumtumikia mwana wa mfalme ambaye baadaye ndiye Yongle. Huwa naona watu wakimtaja Zheng He kama jemadari tu, mwenye merikebu na askari zaidi ya elfu 27. Mimi namkumbuka pia kama mtoto wa miaka kumi hivi aliyenyang'anywa kwao na asirudishwe.

Tuliswali adhuhuri na wazee wa mtaa. Mzee mmoja wa Kihui, kabila la Waislamu wa China, alimuuliza mwenyeji wetu tumetoka wapi. Aliposikia pwani ya Afrika alitikisa kichwa, akatuonyesha kwa kidole kona yenye maelezo ya Zheng He, kisha akatushika mikono mmoja mmoja. Salamu aliitoa kwa Kiarabu, tukaitikia, na hapo tukawa hatuhitaji mkalimani. Nje ya msikiti tulikula guotie za nyama ya ng'ombe, chakula cha Wahui wa Nanjing: unga unafungwa na nyama kwa umbo la mwezi mwandamo, unapangwa kwenye chuma kipana chenye mafuta, na kukaangwa mpaka chini inakuwa rangi ya shaba. Ukiuma, mchuzi wa moto unaruka, kwa hiyo wenyeji hutoboa pembeni kwanza na kuunyonya. Ndani yake kuna utamu wa sukari kidogo. Dada alisema tambi za supu aliyoagiza zingehitaji ndimu. Kaka wa Lubumbashi alitafuta pilipili na akapewa bakuli zima.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu hadi lango la Zhonghua, na hapa nataka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo siku ilipopata uzito wake.

Ukuta wa Nanjing ulianza kujengwa mwaka 1366, na ulichukua zaidi ya miaka 20. Ulikuwa na urefu wa kilomita 35, na leo zimesimama kilomita 25 hivi. Zhonghua ni lango lake la kusini, na kwa kweli ni ngome nzima: kuna milango minne ya matao, mmoja nyuma ya mwingine, na kati yake nyua tatu zilizozungukwa na kuta. Adui akivunja mlango wa kwanza, lango zito liliteremshwa nyuma yake, akabaki uani akipigwa kutoka juu pande zote. Ndani ya kuta hizo kuna vyumba 27 vya matao, na inasemekana viliweza kuficha askari 3,000. Pembeni kuna mteremko mpana wa kupandishia farasi. Jumba la mbao lililokuwa juu ya lango halipo tena, liliangamia Desemba 1937 Wajapani walipouvamia mji. Alama za risasi mwenyeji wetu alituonyesha bila kusema mengi, na sisi tukanyamaza. Msiba wa Nanjing wa mwaka ule, wavamizi walipowaua watu wa mji kwa wingi, una mahali pake pa kumbukumbu, na unahitaji siku yake.

Tulipokuwa tukipanda mteremko wa farasi, alitusimamisha kwenye ukuta na kutuambia tutazame matofali kwa karibu. Kila tofali ni kubwa, kama sentimita 40 kwa 20, na unene wa zaidi ya 10. Mtu mzima hulibeba kwa mikono miwili. Ubavuni mwa mengi kuna maandishi yaliyogandamizwa udongo ungali mbichi, kabla ya kuchomwa. Mengine yamefutika. Mengine yanasomeka kana kwamba yamepigwa juzi. Yanasema nini? Yanataja wilaya lilikotoka tofali, ofisa aliyesimamia, wanyapara wa ngazi tatu, fundi wa tanuri, na mwisho kabisa mtu aliyelifyatua. Kwa jina.

Matofali yalitoka mbali: Jiangxi, Anhui, Hubei, Hunan, na hapa Jiangsu penyewe. Yalifika kwa majahazi kupitia mto Yangtze na matawi yake. Kila wilaya ilipangiwa idadi yake. Tofali likifika limepasuka au halikuiva, maandishi yale yalionyesha la kuanzia: ni tanuri gani, fundi gani, mnyapara gani. Adhabu ilijua pa kwenda. Kwa hiyo tofali baya halikuwa na faida kwa yeyote katika mlolongo ule, na ndiyo maana baada ya zaidi ya miaka 600 bado ukiligonga kwa kidole linalia. Yalishikizwa kwa chokaa iliyochanganywa na uji wa mchele wa kunata. Jambo hilo nilidhani ni hadithi, mpaka mwenyeji wetu aliponieleza kwamba wataalamu wamepima chokaa ya kuta za kale za China na kuikuta na wanga wa mchele.

Alikuwa akizungumza huku macho yake yanatembea ukutani, na nikagundua kuna kitu anakitafuta. Alikipata karibu na ngazi. Herufi tatu za juu zilikuwa jina la mji wake, Ji'an, jinsi lilivyoandikwa enzi za Ming. Alishuka na kidole taratibu, akisoma kila jina kwa sauti, na alipofika kwa mfyatuaji alicheka: jina la ukoo lilikuwa lile la upande wa mama yake. Hakudai kwamba ni babu yake. Alisema ukoo ule una watu mamilioni, na kudai hivyo kungekuwa kumdhulumu mtu yule kwa mara ya pili. Alichosema ni kwamba mtu huyu huenda hakujua kusoma, huenda hakuwahi kufika Nanjing, na huenda jina lake halikuandikwa popote pengine duniani isipokuwa kwenye udongo huu, na liliandikwa ili akikosea apatikane.

Kaka wa Lubumbashi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema babu yake alifanya kazi kwenye shaba enzi za Mbelgiji, na walichobaki nacho nyumbani ni kadi yenye namba. Namba, na alama ya kidole. "Hawa waliandikwa kwa ajili ya fimbo," akasema, "lakini waliandikwa."

Nami nikaifikiria pwani yetu. Gedi, mji wa kale uliobaki magofu karibu na Malindi, ina kuta za matumbawe na chokaa, na humo wachimbuaji wamekuta vigae vya kaure ya China kwa wingi. Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi, kuna kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya kaure ya China, na mwaka 2010 watafiti wa China na Kenya walikuta pale pale sarafu ya enzi za Yongle. Tunazo tarehe za kaure. Tunaweza kusema bakuli lilichomwa karne gani na katika jimbo gani. Aliyechoma chokaa ya ukuta wa Gedi, aliyepanda juu ya mnara wa Mambrui kulipachika bakuli, aliyekata majani ya twiga, hao hatuna hata herufi moja yao. Nilimwambia hivyo mwenyeji wetu. Alijibu jambo ambalo naendelea kulifikiria: kwamba China haikuandika majina haya kwa heshima, iliandika kwa sababu ya hesabu, na heshima ameileta msomaji. Akaongeza kwamba kwenu pengine kuna hesabu za namna nyingine, ushuru wa bandarini, hati za wakfu, nasaba zinazosomwa misikitini, na kwamba angekuwa mimi angeanzia huko. Nadhani ana haki. Nasaba za Lamu na Pate ziko nyumbani kwa watu, ndani ya makasha, na wenye kuzijua wanazeeka.

Tulifika kiwanda cha merikebu jua likiwa limeinama. Kiko magharibi ya mji, karibu na Yangtze, na leo ni bustani iliyofunguliwa mwaka 2005, miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He. Yamebaki mabwawa matatu marefu, yaliyonyooka sambamba. Lile lililofukuliwa mwaka 2003 na 2004 lina urefu wa mita 421 na upana wa mita 41. Chini yake walikuta safu za miti iliyochimbiwa kushika chombo kinapoundwa, misumari, zana za maseremala, na miti ya usukani yenye urefu wa mita 10 na zaidi. Mti mwingine wa namna hiyo, wa mita 11, ulipatikana hapa mwaka 1957. Kwetu Lamu, pale Matondoni, chombo huundwa juu ya mchanga na kushushwa maji ya bamvua. Hapa waliunda ndani ya bwawa kavu, kisha wakafungua njia na mto ukaingia kuwainulia merikebu.

Kaka wa Lubumbashi alifufuka. Alitembea ukingoni akihesabu hatua, akarudi na hoja. Historia rasmi ya Ming inasema merikebu kubwa zaidi ilikuwa na urefu wa zhang 44 na upana wa zhang 18, yaani zaidi ya mita 120 kwa mita 50 hivi. Upana huo, akasema, hauingii kwenye bwawa la mita 41. Mwenyeji wetu akajibu kwamba mabwawa yalikuwa mengi, haya ni yaliyosalia tu. Kaka akamwambia tatizo haliishii kwenye bwawa: mbao ndefu hivyo kwenye mawimbi hujipinda na kuvujisha maji, iwe umeziunga vipi. Mwenyeji akaleta usukani wa mita 11, kwamba huo haukuwa wa mashua ya kuvulia. Nimesoma kidogo ubishi huu, na wasomi nao wamegawanyika vivyo hivyo, wengi wa wahandisi wakiwa upande wa merikebu fupi zaidi. Mimi naegemea kwa kaka. Hata merikebu ya mita 60 au 70 ingetosha kuwaduwaza watu waliokuwa wamekaa ufukweni Malindi, na ingetosha kumpa twiga nafasi ya kusimama.

Waliendelea kubishana ndani ya treni, dada wa Zanzibar akiwa mwamuzi, mpaka mmoja wa abiria, mzee mwenye mfuko wa mboga, akaingilia kwa Kichina na kuchukua upande wa merikebu kubwa. Tukapitiliza kituo. Kabla ya kuagana tulipatana kwenda Yangshan majira ya kuchipua, na mwenyeji wetu akasema akienda kwao kwa sikukuu ya mwaka mpya atauliza wazee kama matanuri ya matofali ya Ji'an bado yanajulikana yalikuwa wapi. Mimi nimeshamwandikia mjomba wangu Mambrui kumuuliza kuhusu nasaba za kwao.